Bibi kwa Kiingereza cha Kale

Bloomington, Minnesota
Jumapili, 4 Mei 2025

Kakangu Aidarus,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu na watoto wote, na kwamba presha imetulia na dawa unazinywa kila siku kama ulivyoagizwa, si mpaka kichwa kikuume ndipo uzikumbuke. Sisi huku hatujambo. Baridi imetuachia, miti ya hapa nje imeanza kutoa majani, na wiki hii nimekwenda kazini mara mbili bila koti. Shemeji yako Uthman yuko barabarani na lori lake, anatarajiwa Jumatano. Mwanangu Zamzam hajambo. Mama hajambo, na yeye mwenyewe ndiye atakayekukabidhi bahasha hii utakapokwenda kumpokea.

Utajiuliza barua ya nini na simu zipo. Nimeandika kwa sababu kwenye simu wewe hunguruma, mimi hulia, na mmoja wetu hukata. Safari hii nataka uniache nimalize. Na nakwambia tangu sasa kwamba nina hasira. Mwezi mzima nimekuwa na hasira, nayo imekuwa ikizunguka ikitafuta mtu wa kumwangukia, na katika kuzunguka huko imeumiza mtu asiye na kosa. Wewe pia umemuumiza. Kwa hivyo kaa chini, usome mpaka mwisho, na usimsomee mtu kabla hujamaliza.

Nianze na ile jioni ya shuleni, kwa kuwa ndiyo uliyoiona kwenye video.

Mwalimu wa Kiingereza wa Zamzam aliwapa wanafunzi kazi: kila mmoja atafute neno la Kiingereza ambalo watu hawalitumii tena, aone vitabu vya zamani vililitumiaje, kisha atunge hadithi itakayolirudishia uhai. Hadithi nane bora zingesomwa mbele ya wazazi, kila mtoto dakika tano. Ya Zamzam ilichaguliwa. Nilifurahi, sikufichi. Nilibadilishana shifti na Nkirote, yule muuguzi Mmeru ninayefanya naye kazi Eden Prairie, nikaendesha gari haraka kurudi nyumbani, nikamkuta Mama amekwisha kujiandaa. Alivaa lile gauni la samawati ulilomshonea Idi, akajitanda leso mpya, akajifukiza udi. Tukakaa safu ya mbele.

Zamzam akapanda jukwaani, akasema hadithi yake inaitwa "Beldam". Mimi neno hilo sikulijua. Miaka kumi na saba nimekaa nchi hii na sijawahi kulisikia. Akaanza kusoma. Nikasikia habari za mwanamke mzee aliyetoka ng'ambo akaja kukaa kwenye fleti. Mdomo wake mwekundu. Anazungumza na sufuria. Anazungukwa na moshi, moshi mwingi hata kengele ikalia na gari la zimamoto likaja, na majirani wote wakasimama kwenye theluji na blanketi zao. Na kila baada ya sentensi chache, lile neno. Beldam akafanya hivi, beldam akafanya vile. Ukumbi mzima ukacheka. Wazungu wakacheka, Wasomali wakacheka, na Mama aliyekuwa ubavuni mwangu akacheka pia. Nikadhani anacheka kwa sababu wenziwe wanacheka. Dakika zake zikaisha kabla hadithi haijafika mwisho, mwalimu akamshukuru, watu wakapiga makofi, na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote ni Mama.

Mimi nilikuwa nikirekodi.

Kesho yake nilipokuwa nikigawa dawa za asubuhi nikafika chumba cha Bi Lois. Huyu ni mzee wa miaka themanini na minane, alifundisha fasihi ya Kiingereza chuoni miaka thelathini na kitu, na chumba chake hakina ukuta, kina vitabu tu. Kila siku huniuliza neno moja la Kiswahili nami humwambia. Siku hiyo nikamuuliza mimi. Nikamwambia, Bi Lois, beldam ni nini?

Alikuwa na kikombe cha maji mkononi. Akakiweka chini, hakunywa dawa. Akaniuliza nimelisikia wapi. Nikamwambia kwenye kitabu.

Akaniambia kwamba Kiingereza cha kale kilikuwa na majina mengi ya bibi. Kulikuwa na grandam, na hilo ndilo lililobahatika. Washairi waliliweka karibu na moto, wakalivika kofia safi, wakalipa wajukuu wa kulisikiliza. Kulikuwa na gammer, bibi wa shamba, ambaye kwenye michezo ya kuigiza kazi yake ilikuwa kupoteza vitu na kuchekwa. Kulikuwa na goody, mke mwema, ambalo lilianza kama sifa likaishia kuwa jina la vikongwe maskini wa kijijini ambao hakuna aliyejali majina yao ya haki. Na kulikuwa na crone, ambalo asili yake, alisema, ni neno la mzoga. Mzoga, kaka. Hivyo ndivyo walivyomwita mwanamke aliyezaa na kulea.

Na beldam? Beldam, akasema, lilianza vizuri kuliko yote. Lilikuwa na maana ya bibi tu, mama wa mama yako, na lile bel la mbele lilikuwa la heshima na mapenzi. Watu walimwita hivyo bibi yao mchana kweupe, naye akaitika. Halafu ikaja zama watu walipokuwa wakiwinda wachawi, na watunzi wa michezo wakataka jina la vile vizee vinavyokoroga chungu gizani. Wakalichukua lile. Tangu hapo, ukilikuta kitabuni, jua kwamba anatajwa mwanamke mzee mwenye sura mbaya na roho mbaya. Hakuna aliyelirudisha lilikotoka. Bi Lois mwenyewe alipandwa na hasira akieleza. Akasema aliwafundisha vijana maneno hayo miaka mingi, akawatungia mitihani, na hakuyaona ubaya mpaka yeye mwenyewe alipozeeka na mjukuu wake akawa akija kumtazama anaongea na muuguzi juu ya kichwa chake, kana kwamba kitanda ni kitupu.

Nilipokuwa nikitoka akaniita. Akaniambia, "Kabla hujamkasirikia mtu, muulize alitumia lipi. La mwanzo au la mwisho."

Nilimsikia vizuri. Sikuuliza.

Saa ya mapumziko nilikwenda garini nikaituma ile video kwenye grupu la familia. Unakumbuka nilichoandika chini yake, maana ulikirudia mara tatu kwenye simu: "Tazameni mwanangu anavyomwita bibi yake mchawi mbele ya watu." Nikabonyeza, nikarudi kugawa dawa za mchana.

Sina haja ya kukukumbusha yaliyofuata, ila nataka uyaone yalivyoonekana kutoka huku. Shangazi wakaandika kwamba watoto wa Marekani ni hasara tupu. Mtu akauliza kama anaswali. Wewe ukatuma sauti ya dakika sita ukasema mtoto huyo asikanyage mlango wako, harusi ya binti yako Agosti asije, na kwamba mimi nimeshindwa kulea. Aidarus, Zamzam yumo kwenye grupu lile. Ulimtia wewe mwenyewe Ramadhani iliyopita, ukamwandikia karibu na ua jekundu. Alisikia dakika zote sita akiwa kwenye basi la shule.

Niliporudi nyumbani nilimnyang'anya simu. Nikamwambia akamwombe bibi yake radhi. Akasimama pale jikoni ananitazama. Unajua hawa watoto wetu wa huku, Kiswahili wanakielewa karibu chote, lakini ukiwauliza wanajibu kwa Kiingereza. Akajibu kwa Kiingereza neno moja, kwamba niisome. Nikamwambia nimeshasikia ya kutosha. Akarudia, isome. Nikapiga kelele ambazo nadhani walizisikia ghorofa ya tatu. Mama akatoka chumbani kwake akasema, "Mwache mtoto, Khadijah." Nami nikamwambia Mama kwa ukali, "Wewe hujui ulichoitwa." Akarudi chumbani akafunga mlango polepole.

Siku mbili baadaye nilikwenda shuleni kugomba. Mwalimu wake ni mwanamke mdogo, pengine hajafika thelathini. Nilimwambia kwamba kwetu mtu mzima hachezewi, na kwamba alipaswa kuujua uzito wa neno kabla ya kulipa kipaza sauti. Hakubishana nami. Aliniuliza tu kama nimeisoma hadithi yote. Nikasema haja hiyo sina. Akatoa nakala kwenye kabati lake, kurasa kumi na moja, akanipa. Nikaikunja nikaitupa kwenye mkoba pamoja na risiti na barakoa za kazini, ikakaa humo wiki mbili.

Wiki mbili hizo nyumba yetu ilikuwa kama nyumba ya msiba ambao hakuna aliyeutangaza. Zamzam alikuwa akienda shule na kurudi. Chakula alikula chumbani kwa Mama, na nikipita nawasikia wanaongea chini kwa chini, nikiingia wananyamaza. Hilo likanizidishia hasira. Nikaona mtoto ana ujanja, amemtukana bibi yake halafu anamrubuni.

Jumanne ya wiki mbili zilizopita nilifika kazini mapema. Nikawa nimekaa garini natafuta kalamu mkobani, mkono ukagusa zile karatasi. Nikazisoma.

Sasa nakuja kwenye lile lililonifanya niandike, na utanisamehe kama mwandiko utabadilika.

Hadithi ya Zamzam inaanza kwa kumwita yule mzee grandam. Siku ya kwanza anapofika, nyumba nzima inamwita hivyo, anapewa kiti kizuri, anaulizwa safari. Kisha kila anapotendewa jambo anashuka jina. Mwenye nyumba anapoanza kumwambia asitoke na leso barabarani, anakuwa gammer. Anapoambiwa asitafune tambuu wageni wakiwapo, anakuwa goody. Kurasa zile alizosoma ukumbini zilikuwa za katikati, mwalimu ndiye aliyemchagulia kwa kuwa zinachekesha. Na kule kwenye moshi ndiko anakokuwa beldam. Lakini si mtoto anayempa jina hilo. Anayempa ni mwenye nyumba. Ni mimi, kaka. Mwenye nyumba ni mimi.

Ile habari ya zimamoto ilikuwa kweli. Ilikuwa Januari, Mama alifukiza ubani Ijumaa, kengele ikalia, jengo zima likatolewa nje kwenye baridi ya kuua. Meneja akanipa onyo la maandishi. Nilipoingia ndani nilimpigia Nkirote nikiwa jikoni, na hivi ndivyo nilivyosema, nayaandika yalivyo: "Hiki kizee kitanifukuzisha nyumba."

Bi kizee sote twasema, na kwetu ni heshima, hata wewe ulimwita Bi kizee wetu kwenye sala ya Idi. Mimi nilitoa lile Bi. Na sikusema atanifukuzisha, nilisema kitanifukuzisha. Nilimtoa Mama kwa watu nikamtia kwa vitu, pamoja na kiti na kijiko. Zamzam alikuwa mezani anafanya hesabu. Mlango wa chumba cha Mama ulikuwa wazi.

Kiswahili hicho kilimpita mtoto kidogo. Basi alikwenda kumuuliza mtu anayemuuliza kila neno asilolijua. Akamuuliza Mama, "Bibi, kizee ni nini?" Mama hakumuuliza amelisikia wapi. Akamjibu kwamba ni mtu mzima aliyenyimwa Bi yake. Zamzam akaliandika hilo kwenye daftari, na mwalimu alipotoa ile kazi, akaenda kulitafuta neno la Kiingereza lililovuliwa heshima kwa namna ileile. Akalipata. Mimi nililalamika kwamba mwanangu hajui Kiswahili.

Kama ingekuwa hilo tu, ningekupigia simu. Hasira ina maneno yake, na wewe pia umeshawahi kusema yako. Lakini hadithi ina ukurasa wa mwisho.

Novemba, kabla ya theluji kushika, niliwaalika wenzangu wa kazini chakula cha mchana. Nkirote alikuja, Peris alikuja, na msimamizi wetu, Mmarekani, naye akaja. Nilikuwa nimeomba kupandishwa kuwa kiongozi wa shifti na yeye ndiye mwenye kalamu. Asubuhi nilimwomba Mama apumzike chumbani mpaka wageni waondoke. Nilimwambia hivyo, apumzike. Lakini Mama alisikia wageni wameingia na hakuweza kukaa, unamjua. Alikwenda jikoni akawa anachoma mahamri, mguu mtupu, na hina yake, na tambuu mdomoni. Msimamizi alimwona mlangoni pa jikoni. Akaniuliza kwa upole kabisa, huyu mama ni nani.

Nkirote alikuwa akinitazama. Peris alikuwa akinitazama. Mwanangu alikuwa akinitazama.

Nikasema, "Ananisaidia kazi za nyumbani na mtoto."

Sikuwahi kumwambia mtu haya. Uthman hajui. Nilisema kwa Kiingereza, haraka, kama mtu anayefunga mlango kwa mguu, kisha nikauliza nani anataka juisi. Miezi sita nimejiambia kwamba si uongo, kwa sababu kweli alikuwa akinisaidia na mtoto. Mama ndiye aliyemwamsha, ndiye aliyempikia, ndiye aliyemsuka nywele, wakati mimi nafanya shifti mbili. Lakini nilijua nilichokuwa nikifanya. Nilimkana mama yangu mbele ya sahani aliyoipika yeye.

Yaliyofuata nimeyajua kwenye ukurasa ule. Mama alimwita Zamzam jikoni akamuuliza, "Mamako amesemaje?" Na mtoto wangu wa miaka kumi na sita, ambaye Kiswahili chake ni cha kuokota, alijikaza akatunga sentensi nzima isiyo na kosa. Akamwambia, "Amesema wewe ndiye bibi wa nyumba hii."

Mama alifurahi, Aidarus. Naikumbuka sura yake, mimi nilidhani ni joto la jiko. Alipanga mahamri kwenye sinia, akayaleta mezani mwenyewe, akawakaribisha wageni wangu mmoja mmoja kwa mikono miwili. Msimamizi akamshukuru vile mtu anavyomshukuru mtumishi, kwa tabasamu na bila kusimama. Na mimi nikaliacha lipite.

Hapo ndipo hadithi ya Zamzam inapokwishia. Beldam anapita na sinia, anadhani ametambulishwa kwa jina lake la mwanzo, grandam.

Nililia garini mpaka Peris akaja kugonga kioo. Shifti ile nilifanya vibaya, niliandika saa za dawa nikazifuta mara tatu. Niliporudi nyumbani Zamzam alikuwa sebuleni. Nikamwambia nimesoma. Nikamwambia kilichonitia uchungu zaidi ni kwamba Mama alikaa pale ukumbini akapiga makofi asijue anapigia nini. Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na akajibu kwa Kiswahili.

"Bibi anajua," akasema. "Nilimsomea kwanza."

Alimsomea mwezi wa tatu, kabla hajaipeleka kwa mwalimu. Iliwachukua alasiri nne, kwa sababu alilazimika kuigeuza Kiswahili sentensi moja moja, na asipojua neno Mama humpa. Siku ya nne walifika kwenye ule ukurasa wa mwisho. Zamzam alisema aliogopa akataka kuuruka, na Mama akamwambia asome. Akasoma. Hapo ndipo Mama alipojua nilichosema siku ile ya mahamri. Nilimuuliza mtoto, Bibi alifanyaje? Akasema adhana ya kwenye simu ilipolia aliswali, alipomaliza akamwambia, "Ipeleke kwa mwalimu."

Kwa hivyo ujue hivi. Pale ukumbini mtu pekee aliyekuwa haelewi kinachosomwa nilikuwa mimi. Mama alicheka kwa kuwa mahali pale panachekesha, na alimpigia makofi mjukuu wake aliyemwona. Na mimi, niliyemwita kizee na mtumishi, ndiye niliyepandwa na hasira kwa niaba yake. Nikamshitaki mtoto kwa ukoo mzima. Nikakupa wewe fimbo, ukamchapa.

Lakini sitaibeba yote peke yangu. Nina hasira nawe pia, na nitaisema kwa kuwa nimeanza kusema kweli. Ulipomleta Mama huku Septemba ulisema amekuja kupumzika. Wifi aliniambia mwenyewe kwamba mlikuwa mmechoka na tambuu, mmechoka na redio yake, mmechoka na wageni wake wa alasiri. Ulimsafirisha kama furushi na mimi nikampokea kama furushi. Na ulipoona video, hukuuliza hata swali moja. Hukumpigia Mama. Uliweza kuzungumza dakika sita juu ya heshima ya mwanamke ambaye hukumpigia.

Jumatano hiyo nilikwenda chumbani kwa Mama nikapiga magoti nikamwomba radhi. Nilitaraji atanishika kichwa kama alivyokuwa akitufanyia. Hakunishika. Aliniambia, "Radhi ni yangu, nitakupa. Lakini uliowaambia uongo, waambie kweli kwanza."

Nimeanza. Nilimwambia Peris, akanikumbatia akalia na mimi. Nilimwambia Nkirote, naye akasema, "Yule mama aliyetuletea mahamri?" akachukua mkoba wake akaondoka. Tangu hapo hunisalimia ya kazi tu, na sina la kumlaumu. Nilimwambia msimamizi ofisini kwake. Uongozi wa shifti alikuwa ameshanipa tangu Januari. Hakuninyang'anya, lakini alinitazama kwa namna ambayo nitaikumbuka nikistaafu. Bi Lois nilimwambia mwisho. Yeye aliniuliza kama anaweza kuipata ile hadithi, na sasa Zamzam huenda kumsomea kila Jumamosi.

Kwenye grupu nimeandika leo asubuhi. Utakuwa umeshaona, nilisema tu kwamba mtoto hana kosa, kosa ni langu, na maelezo yamo kwenye barua ya Aidarus. Kwa hivyo watakuuliza. Wasomee. Na baada ya hapo umtumie Zamzam sauti nyingine. Si lazima iwe dakika sita.

Mama anarudi kwa hiari yake. Nilimsihi abaki, Zamzam alimsihi, akasema amechoka kuishi nyumba ambayo lazima kwanza aulizwe ni nani. Leo baada ya alasiri nilimsomea barua hii mpaka hapa. Aliisikiliza yote akikunja nguo zake, pale penye mahamri akasimama kidogo, kisha akaendelea kukunja. Nilipomaliza nikamuuliza kama kuna nililokosea. Akasema hakuna, ila kuna lililosahauliwa, na nikuandikie kama atakavyolitamka. Hili hapa:

"Mwambie Aidarus nimesikia amenitengenezea chumba cha uani, kando ya stoo. Nyumba ile alinijengea marehemu babake, na hati iko kwa jina langu. Nitalala chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani. Viti vyake avitoe kabla sijafika."

Ndege inatua Ijumaa tarehe 16, saa nane mchana. Nisalimie wifi na watoto, na bibi harusi umwambie namwombea kheri. Majirani wanaoniulizia wape salamu zangu, na mtu akiuliza Mama alikuwa akikaa kwa nani huku Amerika, mwambie kwa binti yake.

Ni mimi nduguyo,
Khadijah